Kome wa Moshi

Zipo harufu mtu anazisamehe. Tope la mtoni, samaki wa kukaushwa, kwapa la mwanamume aliyetoka kukata miwa, hizo zote Torika alizaliwa akazikuta, wala hakuwahi kuzikunjia uso. Lakini harufu ya maji ya mtambo haisameheki. Ni moshi uliochanganyika na siki, na inaingia kwenye nywele, kwenye mkanda wa saa, mpaka kwenye mkate unaoukata kwa mkono uliokwisha kunawa. Torika alikuwa mwaka wa pili akifanya kazi kwenye mtambo ule, na harufu ile alikuwa ameizoea kama mtu anavyozoea mkwe asiyempenda.

Jumamosi moja, sokoni Labasa, mji wa visiwani kwao, aliisikia ikitoka mahali ambapo haikuwa na ruhusa ya kuwapo.

Alikuwa ameketi kwenye gunia nyuma ya mama yake, Losena, akimsaidia kupanga kome kwa mafungu. Losena alianza kuvua kome kabla hajavunja ungo. Wanawake wa kijiji chao, Nasavere, hushuka mto Waisere mpaka maji yakafika kiunoni, wakapapasa tope kwa vidole vya miguu, na mguu ukigusa gamba gumu mtu anazama na kuibuka nalo. Miguu ya Losena ilikuwa na macho. Alikuwa na wateja wake ambao hawakununua kwa mtu mwingine, na mmoja wao, Bi Rukmani, mke wa mkulima wa miwa, ndiye aliyetokea asubuhi ile amebeba sufuria iliyofunikwa kwa kitambaa.

"Losena, dada yangu, mimi na wewe tumetoka mbali," alisema.

"Tumetoka mbali," Losena akakubali, ingawa macho yake yalikuwa kwenye sufuria.

"Basi nusa hapa."

Losena akainama, akanusa, akainuka.

"Nimewatia bizari, nimewatia kitunguu saumu, nimewatia pilipili ya kumfufua mtu," Bi Rukmani akaendelea. "Mume wangu kaweka mmoja mdomoni, kamtemea ukutani. Ukutani, dada. Ananiuliza siku hizi unapikia mafuta ya taa?" Akamgeukia Torika, aliyekuwa ametoka zamu moja kwa moja na shati lake la kazi, akavuta pumzi puani, na uso wake ukabadilika. "Ndiyo hii hii. Kome wako wananuka nguo za binti yako."

Wauza magimbi ya dalo wa pembeni walisikia. Kila mmoja alivuta mkeka wake kidogo upande wa pili, na jambo hilo lilimchoma Torika kuliko kama wangemtukana. Losena alichukua kome mmoja kwenye sufuria, akamtafuna. Mama huyu aliyekula kome tangu hajaota meno alitafuna mara mbili, akatema kiganjani, akakitazama alichokitema kwa muda mrefu. Kisha alimrudishia Bi Rukmani fedha yake, akabeba gunia zima la kome wabichi mpaka kwenye pipa la taka nyuma ya soko, akamwaga.

Mtambo wenyewe ulikuwa juu kidogo ya kijiji, ng'ambo ya reli ya miwa. Langoni pana bango la mwanamke anayecheka huku amekumbatia mua, na maandishi makubwa: MAFUTA SAFI KUTOKA SHAMBANI KWETU. Ukipita pale baada ya mvua, ziba pua kwanza ndipo usome.

Na si kwamba kazi ile ilikuwa ya uongo. Ingekuwa ya uongo, Torika angeitukana akaondoka, yakaisha. Makapi ya miwa, yale yanayobaki kinu cha sukari kikishakamua, yalikaushwa, yakasagwa, yakatupwa kwenye tanuri lisiloingia hewa. Pasipo hewa hayawaki, yanageuka mvuke. Mvuke huo ukiachwa upoe wenyewe unakuwa uji mweusi usiofaa hata kupaka nguzo. Lakini ukipitishwa kwanza kwenye kichocheo, vipunje vyeupe vidogo kama mchele vilivyojazwa ndani ya mnara wa chuma, unatokea upande wa pili umeshika adabu: mafuta ya kuendeshea matrekta, na malighafi ya gundi ya mbao juu yake. Siku mafuta ya kwanza yalipotiririka, maangavu na mekundu kama chai ya rangi, Torika alilia mbele za watu na hakuona haya.

Kichocheo walikibandika jina la Mshenga. Aliyelitoa ni Munsami, mwenzake wa zamu, mtu mwenye maneno mengi kuliko kazi. "Mshenga anakutanisha bwana na bibi, anakula karamu, halafu anarudi kwao vilevile alivyokuja," alisema. "Haoi wala haolewi. Mimi ningependa kazi hiyo." Ila Mshenga wao alikuwa na udhaifu wake. Kila akikutanisha watu, masizi yanamganda. Vipunje vyeupe vinakuwa vyeusi, inabidi vichomwe kwa hewa ya moto mpaka virudi kuwa vyeupe, na vikishachomwa sana vinakufa kabisa, havichochei tena kitu. Vipya viliagizwa. Vikachelewa. Kisha agizo likafutwa kimya kimya, na Mshenga kikongwe akaendelea kutumikishwa. Mafuta yakawa machache na mazito, na maji machachu yanayotengana na mafuta, yenye ile harufu, yakaongezeka maradufu. Bwawa la kuyasafishia lilikuwa moja, tena dogo. Likijaa palikuwa na mfereji, na mfereji unateremkia Waisere.

"Mama yangu katema kome wake mwenyewe," Torika alimwambia Munsami Jumatatu, wakati wa kula.

Munsami alikuwa amefungua chapati zake na achari ya maembe. Akazifunga tena. "Torika, si ungengoja nimalize."

"Mfereji unamwaga kila mvua ikinyesha. Unajua wewe, najua mimi."

"Na bosi anajua. Hata yule mama wa kwenye bango anajua, unafikiri anacheka nini?" Akashusha sauti. "Lakini mwaka jana si yalikuwa haya haya? Samaki wakaelea, wajomba zako wakapokea jino, yakaisha. Nyinyi mnazika, sisi tunanusa."

Na ilikuwa kweli. Kwa watu wa Nasavere, kuomba radhi kunaitwa kuzika. Mkosaji anakuja na jino la nyangumi lililosuguliwa likawa na rangi ya asali, anapiga magoti, analilaza mkekani na kulitaja kosa lake. Jino likishapokewa, kosa limezikwa, na mtu mwenye akili zake hafukui kaburi. Hulitaji tena hata kwa mzaha, hata ukilewa. Ni jambo zuri kuliko yote waliyoachiwa na babu zao, na visiwa vile vingekuwa vimekwisha kuchinjana zamani kama si hilo. Vijiji vingine hupokea jino kwanza, watu wakala baadaye. Nasavere wao jino hulala mkekani mpaka mgeni amekula akashiba, kwa sababu kosa halizikwi na mtu mwenye njaa.

Bwana Lyle Cotterill, meneja wa mtambo, aliyajua yote hayo. Alitoka Queensland, ng'ambo ya bahari, akiwa mgeni kabisa, akajifunza lugha ya watu, akajifunza kufunga shuka ya sulu kiunoni, akajifunza kuinama akipita mbele ya wazee na kupiga yale makofi mazito ya viganja vilivyopinda, mahali pake na idadi yake. Wazee walimpenda. Torika naye alimpenda, zamani. Kuna wageni wanaodharau mila za watu, na hao unajua pa kuwaweka. Huyu aliheshimu kila kitu, mtu ukakosa pa kumshikia.

Alasiri ile ile alimwita ofisini.

"Torika, dada yangu. Nimesikia ya mama. Yameniuma," alisema, mkono kifuani. "Nataka tuzike. Kwa heshima zote, kama mwaka jana. Nenda kawaambie wajomba tunakuja Jumamosi."

"Na kichocheo kipya, Bwana Lyle?"

"Kipo kwenye mipango."

"Na bwawa la pili?"

"Hilo la mwaka ujao. Unawajua makao makuu." Akacheka kidogo, kirafiki. "Wewe ndiye kichocheo chetu, unajua? Unatukutanisha na watu. Hebu nitolee jino hapo kabatini, droo ya chini, tuone kama kamba yake ni nzima."

Kabati lilikuwa la chupa za sampuli, mafuta ya kila wiki yamepangwa kutoka mekundu mpaka meusi. Torika akavuta droo ya chini akitegemea kuona jino moja. Yalikuwamo mengi. Kila moja limeviringishwa kwenye gazeti, yamelazwa kwa mstari kama mayai ya kupelekwa dukani.

"Yote haya ya nini?" akauliza.

"Nilimpata mtu wa rehani kule Suva, akaniuzia kwa jumla," Bwana Lyle akasema, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za matairi. "Yatatufaa miaka ya mbele."

Torika alisimama pale, mkono kwenye droo. Miaka ya mbele. Mtu huyu alikuwa amekwisha kununua msamaha wa makosa ambayo hajayatenda bado, akauhifadhi chini ya chupa, kwa sababu aliona jino ni rahisi kuliko bwawa. Alimpa jino la juu, akafunga droo, akaenda msalani akanawa mpaka kwenye viwiko, na alikuwa na kinyaa naye, na kinyaa na jengo lile, na kinyaa na mikono yake mwenyewe iliyoligusa lile gazeti.

Mjomba wake, Semisi, alikuwa msemaji wa mkuu wa kijiji. Yeye ndiye anayepokea majino na yeye ndiye anayejibu. Torika alimkuta barazani anasuka kamba, akampita bila kubisha hodi, akakata ndizi kwenye mkungu ulioning'inia na kuanza kula. Ndivyo ilivyo kwao: mtoto wa dada akiwa kwa wajomba zake hazuiwi. Anaingia, anachukua, hata nguruwe akimtaka anamfungua, na mjomba hana ruhusa ya kununa.

"Ukimaliza, uniachie walau mkungu," alisema Semisi.

"Mkungu nitatoka nao."

"Mwizi wewe."

"Nimezaliwa na dada yako, unategemea nini?" Akaketi, na utani ukamtoka usoni. "Mjomba, wa mtambo wanataka kuzika tena, waseme mto umepona. Jumamosi."

Semisi aliendelea kusuka. "Waje. Jino halikataliwi."

"Droo yake imejaa majino. Kayanunua kwa jumla, mjomba, ya kutuzikia mwaka huu na mwakani na mwaka wa keshokutwa."

Mikono ya mzee ikasimama. Hakuwa mjinga Semisi, wala hakuwa mlafi kama wengine walivyodhani. Alikuwa mtu wa taratibu, na mtu wa taratibu ana njia moja tu ya kutembea. "Nimekusikia," alisema. "Sasa nikamwambie nini mkuu? Kwamba mpwa wangu alichungulia droo za watu? Mtu amepiga magoti mbele yako, anasema mto umepona. Nani atasimama aseme haukupona? Wewe unayekula mshahara wake? Na ukilitaja la mwaka jana, umefukua kaburi, mkosaji unakuwa wewe."

"Kwa hiyo tufanyeje?"

"Tufunike kombe, mwanaharamu apite."

"Huyu hapiti, mjomba. Huyu anarudi kila mvua ikinyesha."

Losena alikuwa nje, hatua chache kutoka barazani, anachochea moto wa jikoni. Hakuweza kumwambia Semisi neno, maana kaka na dada waliokwisha kuwa watu wazima hawasemezani, ni mwiko, na wawili hao hawakuwa wameuvunja tangu ujana wao. Lakini hakuna mwiko unaokataza mtu kusema na sufuria.

"Sufuria wewe," Losena alisema kwa sauti ya kutosha, "unakumbuka ulivyokuwa ukipika kome mpaka majirani wanakuja na vijiko vyao? Sasa tunaletewa mgeni mkubwa, eti anakuja kusema mto umepona. Mgeni mkubwa hivyo tumpikie kuku wa friji, kama mwaka jana? Aibu. Huyu tumpikie kome wa Waisere. Mto ukiwa umepona, si atashiba? Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Semisi alitazama paa. "Mwambie mama yako," akamwambia Torika, "mimi sijasikia kitu. Ila nazi ziko nyuma ya nyumba, za kukuna zipo za kutosha."

Jumamosi ilikuja na manyunyu, na harufu ikashuka na manyunyu. Wazee waliketi nyumbani kwa mkuu, migongo imenyooka, mikeka mipya imetandikwa, bakuli kubwa la kava, kinywaji cha mzizi uliopondwa, katikati. Bwana Lyle aliingia ameinama, sulu yake imepigwa pasi, shada la maua shingoni. Akaketi miguu imekunjwa ipasavyo. Kifuu cha kava kilipomfikia alipiga kofi moja, akanywa kwa mkupuo mmoja, akapiga matatu. Mzee mmoja aliguna kwa kuridhika, na Torika, aliyekuwa mlangoni kwa wanawake, akatamani kumzaba kibao yule mzee.

Kisha meneja alipiga magoti, akalilaza jino mkekani na kusema. Alisema vizuri. Alisema mtambo ni mtoto wa kijiji, na mtoto hujikwaa. Alisema ameumia kusikia akina mama wamepata taabu. "Lakini leo nimekuja na furaha pia," akamaliza. "Maji yamepimwa. Waisere umepona. Nawaomba tuzike hili, tuendelee kuwa ndugu."

"Imesikika," akajibu Semisi. "Mgeni ale kwanza."

Wanawake wakaleta chakula: dalo, mihogo, majani ya dalo yaliyopondwa, ndimu na pilipili kwenye visahani. Bakuli la kome alilibeba Torika mwenyewe, akitembea kwa magoti kama inavyotakiwa, akaliweka mbele ya meneja. Losena alikuwa amewapika kama anavyowapika siku zote, kwa tui zito na kitunguu na ndimu, hakuongeza kitu na hakupunguza. Tui lilinukia vizuri kweli. Ukiinama kidogo tu unaikuta ile nyingine chini yake, imelala inakungoja.

Hakuna anayekula kabla ya mgeni. Wazee waliinamisha macho, kwa sababu kumkodolea mgeni anayekula ni utovu wa adabu. Torika peke yake ndiye aliyebaki pale karibu, amepiga magoti na upepeo wa kufukuzia nzi, na macho hayana pazia.

Bwana Lyle alichukua kome mmoja. Alimtia mdomoni, akatafuna, na taya zake zikasimama. Tabasamu halikuondoka, lilibaki pale pale limesahauliwa, huku macho yakimlengalenga machozi na koo likipanda na kushuka bila kumeza. Akainamisha kichwa kama mtu anayekohoa kwa heshima, tishu ikatoka mfukoni, ikapita mdomoni, ikarudi mfukoni. Alifanya upesi na kwa usafi. Mtu yule alijua kuficha uchafu.

"Tamu sana," akasema kwa lugha ya kijiji, akipangusa midomo. "Tamu kabisa. Sasa naamini kwa ulimi wangu, mto umepona." Akalisukuma bakuli taratibu kwa wazee, akajishika tumbo. "Nimeshiba, baba zangu. Asanteni."

Semisi alivuta pumzi ndefu, ya mtu aliyengojea kitu asikipate. Akanyoosha mikono miwili kuliendea jino.

Torika aliitazama mikono ile ikienda. Ikishalinyanyua, basi. Mama yake hatautaja tena mto maisha yake yote, na akiutaja watamnyamazisha kwa haki. Mwakani litatoka jino la pili kwenye gazeti lake, na mwaka unaofuata la tatu, na kila moja litapigiwa makofi. Angeweza kupaza sauti aseme nimemwona anatema. Bwana Lyle angekana, tena kwa unyenyekevu, na nani amwamini mhudumu anayemsengenya mgeni mkekani? Hivyo hakupaza sauti. Alifanya kitu alichokuwa akikifanya kila siku ya Mungu kule mtamboni. Alinyoosha mkono, kiganja juu.

"Bwana Lyle," alisema chini chini, kwa adabu zote, "nipe taka yako nikakutupie."

Akampa. Hakufikiri, hata hakumtazama. Aliingiza mkono mfukoni akamkabidhi ile tishu na kutikisa kichwa kumshukuru, kwa kuwa mwaka wa pili sasa kila uchafu wake aliuweka kwenye mkono ule ule, na haukuwahi kumrudia. Tishu ilikuwa na joto na majimaji. Torika hakuinuka kwenda kutupa. Aliilaza mkekani kando ya jino la nyangumi, akaifungua kona moja baada ya nyingine, mpaka kome wa kijivu aliyetafunwa nusu akabaki wazi mbele ya mkuu na wazee wote.

Mikono ya Semisi ilisimama hewani.

"Torika," alisema, kwa onyo.

"Mpwa hachukui kwa wajomba zake, mjomba? Nimechukua," akasema Torika. "Na sijafukua kaburi la mtu. La mwaka jana silijui. Hiki ni cha leo, bado kina joto la mdomo wake."

Manyunyu yalipiga juu ya bati. Kisha kule mlangoni Losena alisikika, hakusema na kaka yake, hakusema na mgeni. "Sufuria yangu, umeona?" alisema. "Huyu naye amerudisha kome wetu."

Mwanamke mmoja alicheka, akaziba mdomo. Wa pili akashindwa kuziba wake. Kikasambaa kicheko mlango mzima, na hakikuwa kicheko cha furaha. Bwana Lyle alikuwa akisema kitu juu ya tumbo lake, kwamba jana alikula vibaya, kwamba yeye na vyakula vya maji tangu zamani. Alikisema kwa lugha ya kijiji, kisha kwa Kiingereza, na hakuna aliyekipokea.

Semisi alivuta bakuli. Akachukua kome, akamtia mdomoni, akatafuna, na nyumba nzima ilisikia meno yake. Hakutema. Alikaa naye mdomoni kitambo kirefu, kisha akammeza, kwa sababu chakula kilikuwa cha dada yake, na machozi yakamshuka mpaka kidevuni bila yeye kuyafuta.

Akalinyanyua jino kwa mikono miwili. Mabega ya Bwana Lyle yakalegea, viganja vyake vikaanza kukutana. Semisi akaligeuza jino na kulilaza juu ya magoti ya mgeni, pole pole, kama anayerudisha mtoto kwa mwenyewe.

"Sisi tunazika kilichokufa," alisema. "Hiki kiko hai, bwana, bado kinanuka. Rudi nacho. Siku utakapokula bakuli hili ukaomba nyongeza, njoo. Siku hiyo jino moja litatosha, hayo mengine ya kwenye droo muuzie mtu."

Makofi ya kava Bwana Lyle aliyajua, na ya salamu, na ya kupokelewa, na ya kushukuru. Alikaa na jino magotini, viganja vimeinuliwa nusu, akimtazama Torika amwonyeshe hapa yanapigwa mangapi. Torika hakumtazama. Alikuwa akifuta vidole kwenye sulu yake, kimoja kimoja, akivinusa, akivifuta tena, na harufu haikutoka.